Je, Kungoja Nako ni Kupenda?

Msomaji mwenzangu, nina swali linalonikera, na aliyenipa si mwalimu wala shekhe. Ni buibui.

Si hawa wadogo wa pembeni mwa dari. Huyu alikuwa mkubwa, ana manyoya, miguu yake ikitandaa inajaza kiganja. Ndio wanaoitwa tarantula. Nilimkuta nyumbani kwetu Kiembe Samaki, ndani ya gunia la mkaa lililokuja kwa jahazi kutoka Bara. Jamaa zake hao wanajulikana zamani. Mwaka 1897 Mwingereza Pocock aliipa aina mojawapo jina la Pterinochilus murinus, na wale wa rangi ya chungwa wa Usambara leo wanafugwa majumbani huko Ulaya na Marekani. Nikasema, kwani Mswahili hawezi kufuga? Nikamtia katika kopo la pipi, nikalitoboa matundu, nikamwekea udongo, maji kidogo katika kizibo cha soda, na mende.

Miezi ikapita salama. Halafu akaacha kula. Rangi ikafifia, akatandika utando chini kama mkeka. Alfajiri moja nikamkuta kalala chali, miguu juu.

"Kishakufa hicho," mama akasema. "Kakitupe jaani, mwanangu."

Mimi sikukubali afe nami nimekaa tu namtazama. Nikachukua njiti ya ufagio, nikamgeuza. Kumbe hakuwa amekufa. Alikuwa anajivua gamba! Buibui wa namna hii hulala chali kwa kazi hiyo. Husukuma maji ya mwili mbele mpaka gamba la mgongoni lifunguke kama kifuniko, kisha huchomoa miguu yake taratibu, kwa saa kadhaa, kama mtu avuaye nguo iliyolowa. Mwili mpya ni laini. Hata mende anaweza kumjeruhi. Mfugaji anatakiwa aondoe chakula, aache maji, akae mbali.

Wangu alitoka na miguu saba. Wa nane ulibaki ndani ya gamba kuukuu, na gamba lenyewe limekaa pale kama buibui la mama lililovuliwa mlangoni. Naam, mguu huota tena katika kujivua kwingine. Lakini nani aliuvunja? Mimi, tena kwa mapenzi.

Mwaka ule ule mdogo wangu alifeli kidato cha nne. Akajifungia chumbani, akaelekea ukuta. Sote tukamwandama na njiti zetu: mjomba na nasaha, jirani na mifano ya watoto wa watu, mama na sahani baada ya sahani. Mimi nikawa nagonga mlango kila saa: "Toka bwana, utaharibikiwa humo!" Sote tulimpenda, na hakuna hata mmoja aliyemwacha apumue.

Labda utaniambia: mtu si mdudu. Aliyelala chali huenda anaumwa kweli, na mwenye kumwacha atakuja kujuta. Ni kweli kabisa. Wengine hujificha nyuma ya "subira huvuta kheri", kumbe ni wavivu wa kupenda. Hata hivyo naona ipo tofauti. Anayetelekeza huenda zake asijue lililomo ndani. Anayengoja huondoa mende, huacha maji, hukaa karibu, halafu huuzuia mkono wake. Na kuuzuia mkono ni kazi ngumu, maana hakuna atakayekuona wala kukusifu. Mara nyingi tunamgusa mwenzetu kwa kuwa sisi wenyewe hatuwezi kustahamili kutojua kama yu hai. Njiti ile niliishika kwa ajili yangu.

Siku ya pili yake niliweka chai na mkate nje ya mlango wa mdogo wangu. Sikugonga. Nikakaa barazani, ndege zinapita juu zikielekea uwanjani, nami natetemeka kuliko siku niliyokwenda kutazama matokeo yangu mwenyewe. Baada ya muda mrefu nikasikia kitasa. Kikombe kikakwaruza sakafu. Mlango ukafungwa tena.

Hivyo tu. Hata leo sijui ni lini kungoja huwa huruma na lini huwa woga. Kama yupo kati yenu anayejua, naomba aandike.