Habari za Utumwa na Wajibu wa Kuzichunguza

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, imetuagiza kuichunguza habari iletwayo na mtu fasiki kabla ya kuwatendea watu kwa habari hiyo. Wafasiri wengi hulihusisha agizo hili na Walid bin Uqba, aliyetumwa na Mtukufu Mtume s.a.w. kwa Banu Mustaliq kupokea zaka, naye akarudi akidai kwamba wamekataa. Nusura vita vizuke kwa neno la mtu mmoja.

Leo tunaletewa habari za utumwa wa kisasa. Husemwa kwamba mabinti wa Mbulu na Hanang huchukuliwa kwenda kutumika majumbani mijini, wengine hata Uarabuni; na mwandishi mwepesi huandika papo hapo kwamba Wambulu huuza watoto, au kwamba Waarabu wangali na watumwa. Taifa zima limekwisha hukumiwa, na hakuna aliyeulizwa!

Hata tarakimu huhitaji uangalifu. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani na wenzake walikadiria kwamba watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa wa kisasa mwaka 2021. Lakini milioni 22 kati yao ni walioozwa kwa nguvu. Wa kazi za shuruti ni milioni 27.6. Tena hayo ni makadirio, si sensa. Anayeitaja jumla hiyo kana kwamba wote wamenunuliwa sokoni amesema uongo kwa tarakimu ya kweli. Namwamini zaidi anayetuonyesha aliongea na nani, kama walivyofanya Human Rights Watch mwaka 2017, walipowahoji wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu.

Lakini binti aliyefungiwa ndani hana hati wala shahidi. Je, sharti la uchunguzi halimlindi dhalimu? Wapo walitumiao hivyo. Hata hivyo aya haikuamuru habari itupwe, hata ile ya fasiki, sembuse neno la aliyedhulumiwa. Mzigo wa kuutafuta ukweli amewekewa msikiaji. Basi mwandishi na afike Katesh au Haydom, aulize: nani alimchukua, kwa ahadi gani, akiwa na umri gani? Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Mshahara ulipokelewa na nani? Aliweza kuondoka alipotaka? Mwajiri naye asikilizwe. Kwa majibu hayo ujira duni, ambao ni dhuluma, utatofautishwa na utumwa. Na jina la binti lisichapishwe, kwani ndiye atakayerudi kijijini kuishi na yaliyoandikwa.