Kushinda na Njaa Si Kuishinda Njaa

Watu wengi wa miji yetu wanataka siku hizi kupunguza mafuta ya mwili. Zamani mtu mnene alihesabiwa kuwa tajiri, na hata leo wako wanaomsifu mume kwa sababu mke wake amenenepa. Lakini siku daktari anaposema, "Mama, sukari imeanza kuzidi katika damu yako," sifa hizo hazisaidii kitu. Mama anaogopa. Anarudi nyumbani, anaacha chakula, na kwa majuma mawili anakunywa maji ya ndimu tu, labda na papai kidogo jioni. Majirani wanastaajabu: kweli, huyu ana moyo!

Basi tuulize, ndugu msomaji: je, mama huyu amejitawala? Swali hili si la daktari peke yake. Ni swali la kiasi, na kiasi ni fadhila.

Sisi wanadamu tunapenda kudhani kwamba jambo lililo gumu zaidi ndilo jema zaidi. Anayeacha nusu ya sahani hatumwoni. Anayekataa sahani nzima tunamshangilia. Aristoteles hakufikiri hivyo. Alifundisha kwamba fadhila inakaa katikati, na tena katikati hiyo si moja kwa watu wote: chakula kilicho kidogo kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, ni kingi mno kwa kijana anayeanza mazoezi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata, akaongeza neno ambalo wengi wanalisahau. Ulafi si kula kupita kipimo tu. Anayekula kabla ya wakati, anayekula kwa pupa, anayehangaikia mno utamu wa chakula, hao nao ni walafi. Kumbe ulafi hauko tumboni, uko katika tamaa.

Hapo mama wetu anapata shida. Siku ya tano ya maji ya ndimu, anawaza nini? Anawaza bukari na samaki. Anasikia harufu ya mawese kutoka nyumba ya tatu. Anawagombeza watoto bila sababu. Chakula kisichopita kinywani kimemjaa kichwani.

Jambo hili limepimwa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, vijana 36 wa Marekani, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri, walijitoa wenyewe katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Profesa Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Mwaka 1945, kwa majuma 24, vijana hao walipewa kalori 1,570 hivi kila siku: viazi, mkate, makaroni. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa watu wema na wenye akili, lakini walianza kulamba sahani, kusoma vitabu vya mapishi usiku na kukasirikiana. Na chakula kiliporudi, wengine walikula sana wasishibe, na mafuta yao ya mwili yakazidi yale ya kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu mwili haujui kwamba wewe unataka kupendeza. Unajua njaa tu. Unapunguza matumizi kama mama wa nyumba mwenye unga kidogo, unaongeza hamu, na pamoja na mafuta unateketeza hata nyama ya misuli. Tena kukonda kwa haraka kunaweza kuleta mawe katika mfuko wa nyongo.

Labda utaniambia: "Lakini polepole haifiki popote!" Sivyo. Mwaka 2002 walitangaza huko Marekani matokeo ya utafiti juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja liliombwa kupunguza sehemu 7 tu katika 100 za uzito, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Katika kundi hilo ugonjwa ulipungua kwa 58 katika 100. Mtu wa kilo 90 hakuombwa kurudi kuwa kijana wa miaka ishirini. Aliombwa kilo sita na kidogo.

Ni kweli, wako wagonjwa ambao madaktari wenyewe wanawapa chakula kidogo sana kwa majuma kadhaa. Lakini wanawapima na kuwaongoza. Na anayetumia dawa za sukari asiache kula kwa shauri la jirani, maana sukari inaweza kushuka ghafula akaanguka.

Nionavyo mimi, anayekimbilia maji ya ndimu mara nyingi anataka mwili ubadilike ili yeye mwenyewe asibadilike. Anahesabu siku kumi na nne, halafu soda inarudi mezani. Kijiko kimoja cha mawese kina kalori 120 hivi. Anayepunguza vijiko viwili katika sombe, akipunguza donge la bukari na kuongeza maharagwe, akienda sokoni kwa miguu, huyo ameanza kazi ya miaka. Hata nusu kilo kwa juma inamtosha. Tena hawezi kuifanya peke yake, kwa kuwa chungu ni kimoja kwa watu wote wa nyumba. Mume anayenung'unika kwamba mchuzi hauna mafuta, huku akisema mke wake apungue, anaomba mambo mawili yasiyopatana.