Mwanga Huachiwa Nafasi



Kijana mwenzangu, tangu mwaka jana najifunza kuchora sura za watu kwa rangi za maji. Sijasomea sanaa. Ni jioni tu baada ya kazi, meza ya chakula, brashi mbili na glasi ya maji, ambayo nayo naichanganya na kikombe changu cha chai. Basi, leo nataka kuwashirikisha kile picha moja ilichonifundisha kuhusu msamaha.

Mama aliniomba nimchoree watoto wake watatu. Dada nikammaliza. Mimi mwenyewe nikajimaliza. Kaka mkubwa nikawa namkwepa. Kusema kweli, tulikuwa na miezi minane hatuongei. Alitumia ada yangu ya chuo bila kuniambia, nikakosa muhula mzima.

Siku nilipojilazimisha, uso wake ulitoka tope. Nilianza na kivuli, nikaongeza kivuli, nikaona hakitoshi, nikatia nyeusi. Karatasi ikalowa ikajikunja. Nikatupa. Nikarudia, ikawa yaleyale.

Anayejifunza rangi za maji anajua kosa langu. Kwa kawaida unaanza na rangi nyepesi, yenye maji mengi, ndipo unakwenda kwenye nzito kidogo kidogo. Na ule mwanga wa kwenye paji la uso au ncha ya pua haupakwi. Ni weupe wa karatasi yenyewe. Ulikuwepo kabla hujashika brashi. Kazi yako ni kuuachia nafasi. Ukiufunika, kuurudisha ni shida.

Nikaona nilivyomfanyia kaka yangu. Mungu alimuumba kwa mfano wake (Mwa 1:27), yaani mwanga ule alishauweka. Mimi nikaufunika wote kwa kosa moja.

Nikarudi kwenye picha yake ya simu, safari hii nikatazama kweli. Juu ya nyusi ana kovu. Alilipata siku tulipoanguka na baiskeli, yeye akiendesha, mimi amenipakia nyuma. Aliinuka damu inamtoka akaniuliza mimi kama nimeumia. Jamani, nilikuwa nimelisahau kovu lile kabisa!

Sisemi kosa halikuwa kosa. Vivuli vinahitajika, uso usio na kivuli hauna umbo. Msamaha si kujifanya hakuna giza. Ni kukataa giza liwe uso mzima.

Jambo lingine: rangi ikiwa bado mbichi, unaweza kuifyonza kwa tishu au brashi yenye unyevu, ikatoka. Ikishakauka, nyingine hazitoki, na ukilazimisha kusugua unachubua karatasi. Mtakatifu Paulo anatuonya tusiache jua lituchwee tukiwa bado na hasira (Efe 4:26). Mimi niliacha machweo ya miezi minane. Ndiyo maana niliona nianzie kwenye Kitubio, maana peke yangu nilikuwa nachubua tu.

Kila Njia ya Msalaba tunasimama Kituo cha Sita. Injili hazimtaji Veronika, ila mapokeo yanasema alisogea akaufuta uso wa Yesu uliojaa damu, na sura ikabaki kwenye kitambaa chake. Wengine waliuona uso uleule wakamwona mhalifu. Yeye hakuipata sura ile kwa kutazama kwa mbali. Aliipata kwa kusogea na kufuta.

Jumamosi nilimpigia. “Kaka, shikamoo.” Kimya. Kisha, “Marahaba, mdogo wangu.” Tuliongea dakika nne, nyingi zikiwa za habari za mama. Ada haijarudi, na suala hilo bado tutalizungumza. Lakini tunaongea. Picha ipo ukutani kwa mama. Shavu moja limenishinda, ila kovu liko sawasawa.

Wiki hii, mchukue mtu mmoja uliyempaka rangi moja. Tafuta picha yake, itazame dakika tano bila kusema neno, kisha umtaje kwa jina mbele ya Mungu. Kama rangi bado mbichi, usingoje kesho.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uso wako ulifunikwa kwa damu na mate, nawe ukatuombea. Utufundishe kuuona mwanga ulioweka kwa ndugu zetu, na kuuachia nafasi. Amina.