Nani Amlipe Anayengoja?

Ashukaye basi Msamvu usiku, au atokaye katika kituo cha reli mpya kule Kihonda, huwakuta madereva wa teksi wamesimama karibu na magari yao. Zamani mtu mwenye mzigo hakuwa na la kuchagua sana: atembee au apande teksi. Siku hizi bodaboda humfikia kabla hajatua mzigo wake, na bajaji iko nyuma yake. Dereva wa teksi ameamka alfajiri, ameosha motokaa, amengoja. Na pengine jua huchwa naye amepata abiria wawili tu.

Watu husema, "Ndiyo dunia, kila kazi ina wakati wake." Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini twaona hutamkwa upesi mno, na mara nyingi hutamkwa na mtu ambaye kazi yake haijaguswa.

Tuikubali kwanza ile kweli. Morogoro ilikuwa katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na Stanley alipita hapa mwaka 1871, akaandika habari za mji wenye boma wa Simbamwene. Mizigo ilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na upagazi wa safari ndefu ukaanza kufa. Nani leo angetaka urudi? Mama wa Kiluguru ashukaye mlimani na mkungu wa ndizi kichwani hawezi kutulaumu tukimpatia chombo cha kuuchukua. Basi kupotea kwa kazi si dhuluma kwa nafsi yake. Ila mpagazi wa zamani mara nyingi alikuwa mkulima, na mvua zikianza alirudi kushika jembe. Dereva aliyeshika usukani miaka thelathini mjini, mara nyingi hana shamba la kurudia.

Wala hatumchukii kijana wa bodaboda. Kazi yake ilitambuliwa kwa kanuni za mwaka 2010, naye kama mwingine yeyote ana mama anayengoja unga nyumbani. Tena tusiwafanye madereva wa teksi kuwa malaika. Wako waliomtazama mgeni viatu na mkoba kabla ya kumtajia nauli, na mgeni huyo sasa anapanda bajaji kwa furaha. Waliyapanda wenyewe.

Lakini swali letu ni jingine. Je, mtu akilipa nauli amemaliza deni lake lote?

Tufikiri ni kitu gani hasa tunachonunua kwa dereva wa teksi. Twadhani ni mwendo, kutoka hapa hadi pale. Kumbe kazi yake kubwa ni kungoja. Saa moja aendesha, saa sita angoja, na ile saa moja ndiyo inayolipia zile sita. Nasi twataka sana angoje. Usiku wa manane mama mwenye uchungu wa kuzaa hapandi pikipiki. Mzee mwenye kiharusi hawezi kushika kiuno cha mtu katika mvua. Hapo ndipo tunapokumbuka kwamba kuna teksi, na twakasirika tusipoiona kituoni. Mchana kutwa tumempita, usiku twamtaka awepo.

Mtu atajibu, "Usiku huo dereva hutoza ghali, basi amelipwa." Ndiyo, hutoza ghali. Lakini tuangalie aliyelipa ni nani. Gharama ya kungoja kwa siku nzima, ambayo zamani iligawanywa kwa abiria wengi, sasa imetwikwa mtu mmoja, naye ni yule mwenye shida kuliko wote. Sisi wazima tumejipunguzia shilingi chache kila mmoja, na jumla yake imeandikwa juu ya mgonjwa. Hilo ndilo linalotusumbua kuliko desturi za kale kupotea. Hatumsemi maskini mwenye shilingi elfu moja mkononi. Huyo apande kile anachokiweza. Twawasema wenye uwezo wa kuchagua, ambao huchagua kana kwamba mahitaji yao yote ni ya mchana na ya afya njema.

Liko na jambo la mwenye gari. Madereva wengi si wenye motokaa wanazoendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri. Tuseme kwa mfano hesabu ni shilingi 20,000. Abiria wakija, 20,000, wasipokuja, 20,000. Tajiri hapungukiwi hata senti, na hasara yote ya nyakati humwangukia dereva, ambaye huijaza kwa kutolala, au kwa kumwachia deiwaka gari ili apate walau sehemu. Watasema walipatana. Baba Mtakatifu Leo XIII alikwisha kufundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mapatano ya mtu aliyebanwa na shida hayaufanyi ujira kuwa wa haki. Mwenye gari ambaye ni Mkristo, tena yu safu ya mbele kanisani, aweza kuishusha hesabu hiyo wiki hii bila kungoja serikali.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwenye teksi halali hulipa leseni, bima na ukaguzi, huku teksi bubu ikipakia abiria wale wale bila hayo. Kumtoza mmoja na kumfumbia macho mwingine si ushindani. Huko New York jiji liliuza vibali vya teksi kwa bei kubwa, madereva wakakopa kuvinunua, kisha magari ya kuitwa kwa simu yakaachiwa barabara na vibali vikaanguka thamani. Baadhi ya madereva walijiua mwaka 2018. Mwaka 2021 wenzao wakagoma kula hata jiji likakubali kuwapunguzia madeni. Mkuu aliyeuza ahadi hawezi kusema ni mambo ya soko tu.

Wako wanaosema simu itatatua yote. Dar es Salaam imeonja hayo tangu Uber ilipofika mwaka 2016. Mamlaka ya LATRA ilipopunguza sehemu ambayo kampuni hukata kwa dereva hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma zake, ikarudi mwaka 2023 baada ya kiwango kulegezwa. Kampuni yaweza kuondoka sharti likiwa gumu. Dereva wa kituoni hana pa kuondokea, na kwa ajili hiyo ndiye tunayeweza kumtegemea.

Tungependa jumuiya zetu ndogo ndogo zilifikirie hili. Nyumba ishirini za mtaa mmoja, Bigwa au Kihonda, zaweza kupatana na dereva mmoja wanayemfahamu: kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, naye akubali kupokea simu usiku na kumchukua mgonjwa kwa nauli ya mchana. Hapo kungoja kwake kutakuwa kumelipwa na wengi, wala hatamtegemea mtu mmoja katika saa ya uchungu wake. Kiasi gani kitoshe, hatuwezi kukipanga sisi mezani. Na waende kituoni wakamwulize dereva mwenyewe. Muda wa kuzungumza anao.