Ujuzi wa Mkono na Ukaribu wa Fundi

Vyuo vya Kenya na Tanzania vilipofungwa mwezi Machi 2020 ili kuzuia kuenea kwa korona, elimu ya ufundi stadi ilikumbana na swali ambalo wanafalsafa walikuwa wamelijadili kwa karne nyingi bila kushurutishwa kulijibu upesi: je, ujuzi wa mkono waweza kutenganishwa na mwili wa anayeujua? Aristotle alikwisha kuutofautisha ufundi, yaani uwezo wa kutengeneza kitu kwa kufuata hoja sahihi, na maarifa yanayothibitishwa kwa hoja pekee. Naye Michael Polanyi, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alifafanua ujuzi usiotamkika, yaani ule ambao mtu anao na anautumia, lakini hawezi kuueleza wote kwa maneno.

Uchomeleaji wa vyuma unaidhihirisha dhana hiyo. Mwanagenzi anaweza kusoma kwenye simu kiwango cha umeme kinachofaa unene wa chuma, hata pembe ya kushikia elektrodi, ile fimbo inayoyeyuka na kuunganisha vyuma, lakini kama mkono unakwenda sawasawa hulijua kwa mlio, kwa kuwa moto uliotulia hutatarika mfululizo kama samaki akaangwapo, na sikio huuzoea mlio huo pale fundi anapomshika kiwiko na kumwambia, “Sikiliza.” Video huweza kuurudia mlio, ila haimsikii mwanafunzi anapokosea.

Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba tatizo lilikuwa uhaba wa intaneti na bando tu, ingawa uhaba huo uliwaumiza sana vijana maskini. Hata kama kila mmoja wao angekuwa na kompyuta, nadharia ingemfikia nyumbani na karakana ingebaki imefungwa, kwa maana mwanagenzi humwiga fundi kwanza, akimwamini, na sababu za anachokiiga huzielewa baadaye. Na imani ya namna hiyo hukua kwa kukaa pamoja.

Hapo ndipo ugumu wa kimaadili ulipo. Ukaribu uliokuwa njia ya kurithisha ujuzi ulikuwa pia njia ya kuambukiza, na aliyekuwa hatarini zaidi ni fundi mkongwe, ambaye miaka ileile iliyoukomaza mkono wake ndiyo iliyoudhoofisha mwili wake mbele ya ugonjwa. Kumkaribia kulihatarisha maisha yake; kumwepuka kulimwacha peke yake na ujuzi ambao hakuwahi kuuandika, na ambao hata angetaka asingeweza kuuandika wote.