Mgonjwa Asitolewe Hospitalini

Ndugu zetu wenye saratani hushauriwa mengi: sindano nyembamba za Kichina, kukandwa mwili, mitishamba. Je, ni dhambi kuvitumia? Hasha. Mwaka 1997 jopo la wataalamu huko Marekani lilikubali kwamba sindano hizo hupunguza kichefuchefu kiletwacho na dawa za saratani. Lakini haziondoi uvimbe wenyewe. Tena mitishamba mingine hupingana na dawa za hospitali. Basi daktari asifichwe neno. Yoshua bin Sira atufundisha kwamba tabibu na dawa vyote vyatoka kwa Mungu. Twawasihi wazazi: nafuu iongezwe juu ya tiba, isishike mahali pake. Kumtoa mgonjwa hospitalini kwa ahadi tupu si imani, bali ni kumjaribu Mungu.