Kioo Kimeshushwa Kidole Kimoja

Likizo ya Agosti nilikodi gari Dubai. Ndani baridi, nje joto la kuchoma macho. Sheria ya huko inakataza kazi za juani saa 6:30 hadi saa 9:00 mchana, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Saa 10 nikaingia kituo cha mafuta. Kijana akaja mbio, shati limelowa jasho. Mie nikashusha kioo kiasi cha kidole, nikapenyeza noti, eti baridi isitoke!

Si nimelipa? Basi sidaiwi? La hasha. Pesa ilimaliza deni la petroli tu. Deni la kumtazama mtu usoni na kumwambia ahsante bado ninalo. Gari nimekwisha rudisha. Hilo nitalilipia wapi?